Ngoma Isinyamaze: Vidokezo kwa Msanii wa Nyarero Mikusanyiko Ikizuiwa

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Tanzania, aliyepatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko: michezo, matamasha, mikutano ya hadhara. Sisi hatukufungiwa ndani kama majirani zetu. Masoko yaliendelea, makanisa na misikiti ikabaki wazi. Lakini kwa mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, wa Nyarero kwetu Mara, ambaye kalenda yake ni harusi, sherehe za ukoo na siku za gulio, pengo lilionekana wiki ileile. Watu waliahirisha sherehe, na sherehe ikiahirishwa litungu hubaki limetundikwa ukutani.

Magonjwa hayajaisha. Marburg iliingia Kagera Machi 2023, ikarudi mkoa huohuo Januari 2025, na Kagera si mbali na Mara. Kwa hiyo haya ni ya kufanyia kazi leo, wakati uwanja bado umejaa watu.

1. Jua unachouza

Wengi wetu tulidhani msanii anauza umati, kwamba bila watu mia mbili kwenye turubai hakuna kazi. Hebu kumbuka wanakutunza saa ngapi. Noti haitoki mfukoni kwa sababu watu ni wengi. Inatoka pale ulipomtaja babu yake kwa jina, ukataja ukoo, ukakumbusha ng'ombe waliolipwa na mto waliovushwa. Ujuzi huo uko kichwani mwako na vidoleni, na unaweza kusafiri bila wewe kusafiri.

Anza kupokea nyimbo za kuagiza. Mtu yuko Mwanza au Dar es Salaam, mama yake anatimiza miaka sabini kijijini, kuja hawezi. Anakupa majina, ukoo, jambo moja ambalo mama anasifika kwalo, nawe unampigia wimbo wa dakika nne au tano na kumtumia kwa WhatsApp. Nusu ya malipo ije kabla hujagusa uzi, nusu ukishatuma. Na majina uyaandike kwenye daftari, mura, usiyategemee masikio: jina la marehemu likikosewa, wimbo mzima umeharibika na familia haitakusahau kwa ubaya.

Njia hii ina historia ndefu. Tauni ilipofunga kumbi za maigizo za London mwaka 1592 na 1593, Shakespeare aligeukia shairi refu, Venus and Adonis, likachapishwa 1593 na kuuzwa kwa wasomaji. Mtu wa jukwaa alitafuta kitu ambacho mnunuzi angekipeleka nyumbani kwake.

2. Rekodi ukiwa bado na kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia zaidi. Mikusanyiko ilipozuiwa, wenye rekodi walikuwa na cha kupeleka. Wengine walikuwa na sifa tu.

Huhitaji studio ya Mwanza ili kuanza. Simu ya kawaida inatosha ukiijua tabia yake. Litungu la Kikurya ni kubwa, nyuzi nane, na sauti yake nzito huisumbua maikrofoni ndogo ya simu: ukiisogeza simu karibu na ngozi, sauti inapasuka na kukoroma. Iweke umbali wa mkono mmoja mpaka miwili, isielekee katikati ya ngozi bali pembeni kidogo. Iegemeze kwenye kitu kilichotulia, maana mkono wa mtu hutetemeka. Zima mtandao, la sivyo shemeji atapiga katikati ya ubeti mzuri kuliko yote.

Chagua chumba kidogo chenye magodoro, mablanketi na nguo, kwa sababu vitu hivyo humeza mwangwi. Nyumba ya bati mvua ikinyesha haifai. Alfajiri kabla ya pikipiki kuanza ni saa nzuri, ila jogoo mpeleke mbali.

Kama kuna simu mbili, moja ichukue picha kwa mbali na nyingine ichukue sauti kwa karibu. Piga kofi moja kubwa mbele ya zote mbili kabla ya kuanza, na kijana atakayeunganisha atalitumia kofi hilo kulinganisha sauti na picha. Wachezaji wakiwa wamevaa viatu virefu vya mbao, hakikisha miguu inaonekana. Nimeziona video nyingi za ngoma ya Kikurya zinazoonyesha vichwa tu, na ninasikitika kila mara, kwa sababu nusu ya ustadi iko chini.

Nakala zisikae kwenye simu moja. Weka moja kwenye memori kadi iliyofungwa kwenye kopo, nyingine kwa ndugu wa mjini.

3. Wafuate wasikilizaji walipo, yaani stendi na redioni

Msikilizaji wako wa kijijini hana bando la kutazama video kila siku. Nyimbo anawekewa kwenye memori kadi na kijana mwenye kibanda na kompyuta, stendi ya Tarime au pale Sirari. Kijana huyo ndiye msambazaji wako mkubwa, hata kama hujawahi kumsalimia. Mpelekee nyimbo mwenyewe, zikiwa na majina sahihi. Kisha fanya jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: ndani ya rekodi, mwanzoni au mwishoni, taja jina lako, kijiji chako na namba yako ya simu kwa sauti. Jina la faili hubadilishwa, lakini sauti yako haibadiliki.

Redio nayo usiiache. Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda zinasikilizwa na watu wetu hapa Mara. Peleka rekodi iliyo safi na maelezo mafupi ya wimbo unahusu nini. Mwimbaji Zuchu alitambulishwa na lebo ya WCB Wasafi Aprili 2020, katikati ya zuio. Nyimbo zake zikapita kwenye simu na redio kwanza, jukwaa likafuata. Yeye alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, wewe huna, lakini mlango wa kuingilia ni uleule.

4. Usisubiri mpaka ufungwe ndipo utafute namba ya Kehancha

Wakurya wako pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, na mpiga litungu mzuri hana upande. Lakini tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu na magari, ikaruhusu mizigo tu. Kati ya Sirari yetu na Isebania ya Kenya unatembea kwa miguu dakika chache, ila kwa msanii aliyealikwa ng'ambo pakawa mbali kama Ulaya. Kenya tayari ilikuwa na amri ya kutotoka usiku tangu Machi 27, na mazishi yaliwekewa ukomo wa watu 15. Fikiria mzee wa ukoo mkubwa akizikwa na watu 15.

Familia ya namna hiyo inahitaji sauti yako kuliko wakati mwingine wowote. Wimbo wa maombolezo uliorekodiwa Nyarero unaweza kusikika kwenye boma la Kehancha, upande wa Kenya, jioni ileile, na malipo yakaja: M-Pesa imeweza kutuma fedha kati ya Kenya na Tanzania tangu 2015. Kinachotakiwa ni namba za watu, nawe uzikusanye sasa. Kila sherehe unayopiga, ondoka na namba ya mtu mmoja mwenye kuaminika katika ukoo ule.

5. Usiegemee nguzo moja

Hili nawaambia hasa ndugu zetu wa upande wa Serengeti, wanaocheza ngoma na kuuza shanga kwa wageni wa hifadhi. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Aprili 2020 na kurudi Mei 18, lakini wageni hawakurudi kwa kasi hiyo. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kikundi kilichojua kucheza kwa mgeni tu kilikaa mwaka mzima. Kilichokuwa na shamba la mahindi, harusi za Mugumu na cherehani moja ya kushona barakoa za kitenge, kilipumua.

6. Watoto wakibaki nyumbani, mkabidhi mmoja litungu

Shule za msingi na sekondari zilifungwa Machi 17, zikawa zimefunguliwa zote kufikia Juni 29. Miezi mitatu na zaidi mtoto yuko nyumbani. Baadhi ya wazee waliitumia vizuri, wengine walilia upweke huku mjukuu akilala chini ya mwembe.

Chagua wimbo mmoja wenye nyuzi chache, umfundishe mpaka aupige bila kukutazama. Mfundishe pia kukaza nyuzi, kutunza ngozi isiliwe na panya, na majina ya Kikurya ya kila sehemu ya chombo, maana majina hayo yanapotea haraka kuliko nyimbo. Kama ugonjwa ni wa kuambukiza kwa hewa, kaeni nje, yeye upande mmoja wa ua nawe upande mwingine.

7. Ukiimba kuhusu ugonjwa, imba kweli

Bobi Wine na Nubian Li walitoa wimbo wa tahadhari Machi 2020, wiki ileile Uganda ilipokuwa inajifunga, na ukasikika dunia nzima. Hapa kwetu Mrisho Mpoto na Banana Zorro nao waliimba. Nyimbo hizo zilifika zisikofika karatasi za wizara.

Bibi wa Nyarero asiyekielewa Kiswahili cha redioni anakuelewa wewe. Hiyo ni dhamana. Kabla ya kurekodi, nenda zahanati, msomee muuguzi maneno yako, muulize kama ndivyo. Eleza dalili, kunawa, umbali, na wapi pa kupeleka mgonjwa. Usiahidi tiba ambayo hakuna aliyeithibitisha, hata kama kuna mtu yuko tayari kukulipa uisifie. Watu wanaamini litungu, na mgonjwa anaweza kuchelewa hospitali kwa sababu ya ubeti wako.

8. Kuna kazi ya kukataa hata ukiwa na njaa

Hili ni gumu, lakini nitalisema. Kazi zikikauka, mwaliko wowote unaonekana baraka, na Desemba ya msimu wa tohara huleta mialiko mingi. Tohara ya wavulana ina nyimbo zake, piga. Ila mwaliko ukiwa wa kumsindikiza binti kwenda kukeketwa, weka litungu chini. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na shule zilipofungwa wasichana walikosa mahali pa kukimbilia karibu. Wengine walikimbilia nyumba salama, kama ile ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly, au kituo cha Masanga, Tarime. Ngoma ndiyo inayoifanya siku ile ionekane sherehe. Mpigaji akikataa, sherehe inapungua nguvu, na mpigaji anayetunga wimbo wa kumsifu binti aliyekataa anaongeza nguvu upande wa pili.

9. Makaratasi, kwa ufupi

Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi za Kenya milioni 100 kutoka Mfuko wa Michezo kwa ajili ya wasanii. Fedha za namna hiyo humfuata aliyeandikishwa. Kwa hiyo muone Afisa Utamaduni wa halmashauri, akuelekeze usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usije ukasikia sauti yako redioni na huna cha kudai. Kikundi kikiwa cha vijana au wanawake, kisajilini kwa Afisa Maendeleo ya Jamii: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, inakopeshwa vikundi, na kikundi cha ngoma ni kikundi. Na kabla ya kufungua chaneli ya vipindi, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usifuate alichokuambia rafiki miaka mitano iliyopita.

10. Rudi na kidogo

Sauti za Busara ya Februari 2021 ilifanyika Unguja, Mji Mkongwe, wakati matamasha mengi duniani yalikuwa bado kimya. Ilipunguzwa ikawa siku mbili, tarehe 12 na 13, lakini watu walisimama mbele ya jukwaa halisi wakasikia muziki halisi.

Nyarero tuna nafasi kuliko Mji Mkongwe. Boma lina ua, ua una kivuli, na kila familia inaweza kuleta vigoda vyake na kukaa upande wake. Mpigaji mmoja, wachezaji wawili, saa moja kabla ya jua kuzama. Ndoo ya maji na sabuni pale getini, anayekohoa abaki kwake apelekewe rekodi. Bakuli la kutunzia liwekwe mbali kidogo na mpigaji, ili kila mtu aende kwa zamu yake, na mpigaji akimwona anakwenda, amtaje kwa jina.