Kutunza Mapambo ya Shaba Yasipoteze Mng'aro

Katika boma nyingi za Turkana, pambo la shaba si urembo tu. Pete ya madini inayovaliwa shingoni humtambulisha mwanamke aliyeolewa, na hereni au bangili ya bibi huweza kurithiwa na mjukuu. Mapambo pia ni biashara: huuzwa Lodwar wakati wa tamasha la Tobong'u Lore, huuzwa Kakuma, na wageni wanaofika Nariokotome kuona mahali palipochimbuliwa mifupa ya Kijana wa Turkana mwaka 1984 huyatafuta. Pambo lililofifia hushusha bei. Lililosuguliwa vibaya huleta hasara kubwa zaidi, kwa kuwa shaba ikishalika hairudi.

Kwa nini shaba hubadilika rangi

Shaba nyekundu, na shaba ya manjano ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hushikwa na hewa na kupata utando mwembamba wa kahawia. Utando huo hauna madhara. Huikinga shaba iliyo chini yake. Salfa huifanya shaba kuwa nyeusi. Kinachoila hasa ni kutu ya kijani.

Hewa ya Turkana ni kavu, hivyo shaba hudumu vizuri kuliko Lamu au Mombasa kwenye upepo wa bahari. Hata hivyo, mambo matatu huleta kutu ya kijani hapa:

• Jasho. Lina chumvi, na wakati wa joto pambo hushinda limelowa.

• Maji ya ziwa. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke, na chumvi na magadi hubaki. Pambo lililooshwa ziwani na kuanikwa juani hubaki na chumvi hiyo.

• Mafuta ya mifugo. Mafuta yaliyopakwa kwenye ngozi hugeuka asidi kadiri yanavyozeeka. Shaba inapogusana na ngozi hiyo, hutoa uchafu wa kijani ulio laini kama nta.

Kinga ya kila siku

1. Pambo lipanguswe kwa kitambaa kikavu cha pamba kila linapovuliwa. Hatua hii haihitaji hata tone la maji, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

2. Livuliwe kabla ya kuoga, kuvua samaki au kufua.

3. Lihifadhiwe kwenye mkebe wenye kifuniko, likiwa limefungwa kwa kitambaa kikavu. Lisiwekwe pamoja na akala wala raba, kwa kuwa mpira wa magurudumu una salfa.

4. Mapambo mapya ya kuuza yapakwe nta ya nyuki kidogo sana, kisha yasuguliwe kwa kitambaa hadi yang'ae. Nta huzuia hewa na unyevu.

Kusafisha pambo lililofifia

Maji baridi yasiyo na chumvi, nusu kikombe, na sabuni kidogo hutosha. Kitambaa kilowe kidogo, pambo lipanguswe, kisha likaushwe mara moja. Rangi ikikataa kutoka, maji ya limau yenye chumvi kidogo hurudisha wekundu kwa dakika moja au mbili. Ni lazima pambo lisuuzwe na kukaushwa kabisa baada ya hapo, kwa sababu chumvi na asidi zikibaki huleta kutu upya. Limau lisitumike kila wiki. Kila mara huondoa shaba kidogo.

Pambo lililoshonwa kwa shanga na ngozi lisilowekwe kamwe. Ngozi hukakamaa na uzi huoza. Shaba pekee ndiyo ipanguswe, na uchafu wa kijani utolewe kwa kijiti cha mti laini.

Ya kuepuka

Mchanga, majivu na waya wa kusugulia sufuria hukwaruza shaba na kufuta nakshi. Asidi ya betri huchoma ngozi na macho, na haifai kabisa. Kutu ya kijani ni sumu ikimezwa: mikono ioshwe baada ya kazi, na watoto wachanga wasiachiwe kunyonya mapambo.

Pambo la kale lenye rangi ya kahawia iliyotulia liachwe lilivyo. Rangi hiyo ni kinga yake na ushahidi wa umri wake, na wanunuzi wengi wa vitu vya kale huithamini kuliko mng'aro mpya.