Usiku na tumbo lenye nyuzi: vidokezo vya kulala kwa walio Majengo

Hospitalini wanakuambia "pumzika", wanakupa karatasi ya dawa, unarudi Majengo, mtaani kwetu Goma. Namna ya kupumzika katika nyumba ya mbao iliyojaa watoto, choo kikiwa nje na jirani akiwa na kesha la maombi, hiyo utajijua. Vidokezo hivi ni vya yeyote aliyepasuliwa tumbo, iwe HEAL Africa, CBCA Virunga au kwingine: mama aliyezaa kwa operesheni, aliyeshonwa ngiri, na hata yule aliyesafiri mbali kupunguzwa mfuko wa chakula ili apungue uzito. Daktari wako akisema tofauti, mfuate yeye.

1. Inua kitanda upande wa kichwa. Mawe Goma hatukosi, volkano ya Nyiragongo imetugawia bure. Tafuta mawili mapana yaliyo bapa, yalingane, uyaweke chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Mwambie mtu mzima akitikise kitanda kabla hujapanda. Kurundika mito chini ya shingo hakusaidii sana: shingo inauma na tumbo linajikunja. Aliyepunguzwa mfuko wa chakula ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Katika operesheni inayofanywa sana, kama robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa, kinabaki kimrija chembamba, na akilala bapa asidi humpanda hadi kooni.

2. Usilale chini. Godoro la sakafuni ni zuri mpaka pale unapotaka kuinuka. Azima kitanda kwa ndugu, hata kwa wiki mbili tu. Na watoto wahamie kwingine. Teke moja la mtoto aliyelala fofofo halina huruma na mshono.

3. Inuka kwa ubavu. Usijikurupushe kukaa moja kwa moja kama ulivyozoea, maana hapo misuli ya tumbo ndiyo inayofanya kazi yote. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Kulala tena ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma. Chali au ubavu, vyote vinafaa. Ukilala ubavu, weka kikwembe kilichokunjwa katikati ya magoti na kingine kishike tumbo. Kifudifudi subiri ruhusa ya daktari.

4. Kikohozi kina mto wake. Vumbi la mtaani kwetu linakohoza hata wazima. Weka mto mdogo karibu, na kikohozi kikija uukandamize tumboni kwa mikono miwili. Usikizuie, kwani mapafu yanahitaji kusafishwa.

5. Panga safari ya choo mchana. Hiki ndicho kipengele ambacho karatasi za hospitali hazikijui. Mwamba wetu wa lava hauchimbiki kirahisi, kwa hiyo vyoo vingi vimejengwa juu, na kuna ngazi za kupanda. Ngazi za mawe, saa nane usiku, umeme umekatika, na wewe umepasuliwa juzi! Weka ndoo yenye kifuniko chumbani kwa siku za mwanzo, bila aibu yoyote. Ukilazimika kutoka, vaa viatu vilivyofungwa nyuma, si kandambili, na anayekuuguza atangulie na tochi. Na ukiwa huko nje, bidoni ya lita 20 usiiguse, hata kama foleni ya maji imefika kwako. Ina uzito wa kilo 20, na mshono wa ndani hupona polepole kuliko ngozi unayoiona.

6. Kula mapema. Acha saa mbili au tatu kati ya chakula na kulala. Sombe na maharagi vina gesi, na gesi ndani ya tumbo lililoshonwa ni kesha jingine. Aliyepunguzwa mfuko anywe maji kidogokidogo mchana kutwa. Akingoja usiku anywe bilauri nzima, yatarudi.

7. Meza dawa ya maumivu kabla ya kulala, kwa kipimo na saa ulizoandikiwa, usingoje maumivu yakuamshe. Usijiongezee vidonge vya usingizi vya dukani, wala pombe ya kasiksi. Ibuprofeni na diklofenaki ni hatari hasa kwa aliyepunguzwa mfuko wa chakula, kwa kuwa huweza kuutoboa vidonda; amuulize daktari wake kwanza.

8. Mbabula, jiko letu la makaa, ibaki nje. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari na usiku una baridi, lakini makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ongeza blanketi.

9. Wageni waje mchana. Tunapenda kutembelea mgonjwa, na tukifika hatuondoki. Mchague shangazi mmoja mwenye mdomo awe mlinda mlango: saa kumi na mbili jioni watu waage. Mchana tembea uani mara kadhaa, hatua chache tu. Damu inatembea isigande miguuni, gesi inashuka, na usiku mwili unadai usingizi wenyewe.

10. Andika namba ya dereva. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika kusikokoma, usaha, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, moyo kwenda mbio ukiwa umelala tu: hayo hayangoji kupambazuke. Usiku mji huu una shida zake, na kutafuta gari saa tisa ni kazi. Elewana mapema na mtu mwenye gari anayekubali kuitwa saa yoyote, namba yake ibandikwe ukutani, na simu ichajiwe kila umeme ukirudi.