SOMO LETU: Nyimbo Hizi Tunazonakili Ni za Nani?



Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali gumu. Walichukua mkopo wakanunua kompyuta, wakitumaini kupata pesa kwa kupiga chapa barua. Barua zilikuwa chache. Kilicholeta wateja ni kujaza nyimbo za injili kwenye memori kadi na flashi, shilingi 50 kila mtu. Mweka hazina alifurahi sana.

Siku moja mwanachama ambaye pia ni mwimbaji wa kwaya alisimama mkutanoni akauliza, "Hizi nyimbo ni za nani?" Mwenyekiti akajibu, "Jamani, Neno la Mungu haliuzwi." Yule mama akasema, "Mbona sisi tunaliuza?" Wakanyamaza wote.

Tujifunze pamoja.

Sheria inasema nini?

Wimbo uliorekodiwa una wenyewe: aliyetunga, walioimba, na aliyegharamia kurekodi. Nchini Kenya haki yao inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Wengi hudhani kila kunakili ni wizi. Sivyo. Sheria hiyo inamruhusu mtu kujitengenezea nakala moja ya wimbo uliorekodiwa, kwa matumizi yake mwenyewe ya faragha. Ili mwenye wimbo naye asikose kitu, sheria iliweka ada juu ya vyombo na kanda tupu za kurekodia. Ada hiyo hulipwa na anayevitengeneza au kuviingiza nchini.

Lakini ruhusa hiyo ni ya nakala moja, na ni ya yule anayeitengeneza kwa matumizi yake. Ukitoa nakala za kuuza, umetoka nje ya ruhusa. Hilo ni kosa, na mtu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kusema eti ni nyimbo za injili, au eti faida ni ya kikundi, hakubadilishi neno.

Na nyimbo za zamani? Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Baada ya hapo kila mtu yuko huru kuuimba wimbo wake. Lakini kwaya ikiurekodi upya, rekodi hiyo ina haki yake.

Tupige hesabu

Tuseme kwaya ina waimbaji 20, na kila mmoja amechanga shilingi 1,500 za studio. Hizo ni shilingi 30,000. Wakiuza sidii kwa shilingi 200, lazima wauze 150 ndipo warudishe pesa zao tu. Sasa watu 60 waliotaka kununua wapate nyimbo hizo kwetu kwa shilingi 50. Sisi tumepata 3,000. Kwaya imekosa 12,000. Na waimbaji hao ni akina nani? Ni majirani zetu, pengine wameuza kuku ili watoe mchango.

Hata pale sheria inaporuhusu nakala moja, mwenye uwezo na anunue. Kibarua akikulimia shamba, humwambii kwamba jembe lake limekubariki, kisha ukamwacha aende mikono mitupu.

Tufanye nini?

1. Tuache kuuza nyimbo bila ruhusa ya wenyewe.
2. Tuzungumze na kwaya. Kikundi kinaweza kuwauzia sidii na kubaki na sehemu ya bei. Mapatano yaandikwe, na kila mauzo yaingizwe kitabuni.
3. Kwaya nayo iombe ruhusa kwa mtunzi kabla ya kurekodi wimbo wake.
4. Wenye hoteli, saluni au matatu wakumbuke kwamba kupigia wateja muziki kunahitaji leseni.

Wale akina mama waliacha kujaza kadi, wakapatana na kwaya mbili. Mapato yalipungua, na mkopo ulichukua muda zaidi kuisha. Hatuwafichi hilo. Lakini yule mwimbaji bado ni mwanachama, na siku hizi ndiye anayeshika kitabu cha mauzo.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kikundi chetu kinapata chochote kutokana na jasho la mtu ambaye hajalipwa?
2. Kama kwaya yetu ingerekodi, tungependa watu watutendee vipi?
3. Someni Kumbukumbu la Torati 24:14-15 na Luka 10:7. Ni nani kibarua wetu katika jambo hili?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.