Mke wangu anasema nimeingiza mapepo nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mugumu, Serengeti, ingawa kwetu ni Nyamwaga, Tarime. Nina mke na mtoto wa miaka minne. Jioni huandika hadithi. Kuna mambo matatu nayapenda sana na sina wa kuyazungumza naye: besiboli, niliyoijua nilipokuwa nasoma Dar es Salaam; filamu za kutisha; na hadithi za mizimu, madimbwi yanayomeza watu na fisi wa wachawi. Mke wangu amechoka. Anasema usiku nyumba imejaa mayowe na nimeingiza mapepo. Mzee wangu anasema mura mwenye mke hakeshi akitazama Wazungu wakipiga mpira kwa rungu ilhali zizi lake halina hata ndama. Mchungaji ameniambia nifute filamu zote. Nimeanza kuamini nina kasoro. Niache vyote niandike mambo ya maana? Hadithi yangu moja nimeiambatanisha.

Mwalimu, Mugumu

Marahaba, mwanangu. Huna kasoro, na usiache.

Kule Maine, Marekani, yuko mzee mwenye mapenzi hayo hayo, naye ni miongoni mwa waandishi wanaosomwa zaidi duniani: Stephen King. Mwaka 1989 alisaidia kufundisha timu ya besiboli ya watoto mjini kwake Bangor, akatoa fedha kujengea vijana uwanja uliofunguliwa 1992. Mwaka 1999 akachapisha The Girl Who Loved Tom Gordon. Binti wa miaka tisa amepotea msituni, kuna kitu kinamnyemelea, na kinachompa moyo ni redio ndogo inayotangaza mechi za timu ya besiboli ya Boston Red Sox. Mapenzi yako mawili yanaishi humo bila kugombana. Mimi sishangai. Mrushaji anaposhika mpira na uwanja ukanyamaza kabla mpira haujatoka mkononi, kinachotubana kifuani ndicho kile kile kinachotubana mlango unapofunguka wenyewe kwenye filamu.

Mwambie mzee, kwa adabu, kwamba mchezo huo si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mkataba na Los Angeles Dodgers. Hapa kwetu ni Wajapani waliousambaza shuleni, na uwanja wake upo Shule ya Azania, Dar es Salaam. Wewe una wanafunzi na kiwanja cha shule. Wafundishe. Mzee akiwaona watoto wetu wakidaka na kukimbia atakuwa na jambo la kuuliza.

Kuhusu mkeo, niko upande wake. Fainali za Marekani huanza karibu saa tisa usiku kwa saa zetu, na mtoto wa miaka minne hapaswi kulala akisikia mtu anapiga mayowe. Matokeo utayakuta asubuhi. Filamu tazama mtoto akiwa kwa bibi yake, na mkaribishe mkeo achague mojawapo. Mchungaji naye msikilize, kisha mweleze kwamba kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, kinaanza na maiti mahali pa mizimu, na hakuna aliyekisoma akageuka mwabudu mizimu. Mussa Banzi naye alitengeneza Shumileta, filamu ya jini wa kike, Watanzania wakaitazama kwenye vibanda vya video na kesho yake wakaenda kazini.

Sasa hadithi yako. Nimeisoma mara mbili. Unajua kumsubirisha msomaji, na hilo halifundishwi kirahisi. Lakini nyumba ya hadithi yako ina chumba chini ya ardhi na theluji mlangoni. Theluji hiyo umeiona kwenye skrini tu, na msomaji anahisi hivyo.

Hofu yetu haifanani na ile. Chukua kisa cha Wajaluo cha Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Bikizee alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Mama mmoja tu alimpokea, akaonywa aondoke, na usiku ule kijiji kikazama majini. Katika filamu nyingi tunazoletewa, mgeni ndiye hatari. Hapa hatari ni kumfukuza mgeni. Ukiandika ukiwa umeshika jambo hilo, utawatisha watu ambao jini yeyote wa Hollywood asingewatisha.

Wamarekani wenyewe wameanza kutega sikio huku. Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, mwanzoni mwake ina wimbo wa Kiswahili, Sikiliza Kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels. Filamu yenyewe ni ya kijana aliyekaribishwa ugenini na wenyeji wenye nia mbaya. Ilipata Oscar ya mswada bora asilia.

Na wewe unalala Mugumu! Waikoma wana Machaba, jozi ya pembe za ndovu walizopewa na Watatoga, na hadi leo wanaziheshimu. Wangoreme, Wanata na Waikoma wana sehemu za emisambwa, roho za nchi, kwenye vilima na chemchemi. Baadhi ya sehemu hizo zilibaki ndani ya hifadhi baada ya Serengeti kutangazwa 1951, wenyewe wakazuiwa kwenda kutambika. Siku hizi watalii wanapita hapo na hawajui wanapita wapi. Anayejua ni mzee mwenye miaka themanini na kitu, na daftari lako bado tupu.

Nenda naye taratibu. Peleka sukari na ugoro, kunywa uji wa obosara utakaopewa, kaa. Akikuambia jambo hili si la kuandikwa, usiliandike, hata kama ndilo zuri kuliko yote. Na habari za fisi wa wachawi zichukue kwa tahadhari kubwa. Usimtaje mtu, usielekeze kijiji, usichore bikizee mwenye macho mekundu ambaye majirani watamtambua. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho yaliyo mekundu kwa moshi wa jikoni, na sheria yetu inahesabu kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa.

Wasomaji wangu wa Robanda, Natta, Nyamwaga na Sirari: mwalimu huyu akibisha hodi likizo ya Desemba, mpeni kigoda, na mwiteni babu.