KUTU NDANI YA JIKO LA PELETI: ILIVYONILIA MTAJI NA NINAVYOIZUIA SASA

Leo sina somo la matangazo. Naongelea kutu. Kama unauza majiko au kitu chochote cha bati, soma mpaka mwisho.

Mwaka jana nilichukua majiko 10 ya peleti, yale yanayotumia vipande vidogo vya pumba za mbao zilizoshindiliwa. Yana feni ndogo inayopuliza hewa, moto unawaka bila moshi mwingi. Nilinunua 45,000 kila moja, nikauza 60,000. Jumla mtaji ni 450,000, na humo 300,000 ilikuwa mkopo wa kikoba.

Manne yaliondoka haraka. Moja nikalifungua la kurekodia video. Matano nikayaweka stoo.

Masika ikaingia. Mimi nipo Kigamboni, upepo wa bahari hauishi. Nikayafunga majiko na nailoni ili yasipate vumbi, nikayapanga chini kwenye sakafu. Nikajiona nimeyatunza! Nilipokuja kufungua, manne yana kutu kwenye chemba ya moto. Lile la video ndo usiseme. Nilikuwa nikimaliza kurekodi naliacha na majivu yake. Bati la chini lililika, nikibonyeza na bisibisi linatoboka.

Hapo nikafanya kosa ambalo naona aibu kulisema, ila nalisema ili wewe usilifanye. Nilichukua rangi ya silva ya kawaida, nikapaka juu ya kutu kwenye majiko mawili, nikapiga picha, nikauza. Baada ya siku tatu mama mmoja anayechoma maandazi akanipigia.

"Mwanangu, hili jiko umelipaka nini? Maandazi yangu yananuka rangi. Wateja wamenirudishia."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamrudishia 60,000 yake na nauli ya boda. Wa pili naye nikampigia mwenyewe kabla hajalalamika, nikamrudishia. Siku hiyo 120,000 ilitoka mfukoni na rejesho la kikoba lilikuwa Jumamosi. Nikakopa kwa dada yangu.

Baada ya hapo ndo nikaanza kujifunza.

KUTU INATOKA WAPI
Chuma kikikutana na maji na hewa kinapata kutu. Chumvi inaharakisha, ndo maana sisi wa pwani tunaumia zaidi. Na majivu nayo yana chumvichumvi zake zinazovuta unyevu hewani. Kwa hiyo ukiacha majivu ndani ya jiko ni kama umeacha kitambaa kibichi juu ya bati. Peleti zisizoungua nazo zinanyonya maji, zinavimba na kumomonyoka. Usiziache ndani.

Nailoni yangu je? Niliifunga unyevu ukiwa tayari ndani. Usiku kukipoa unageuka matone, na hauna pa kutokea.

NINAVYOZUIA SASA
1. Jiko likishapoa kabisa, namwaga majivu yote. Napitisha brashi kavu kwenye chemba na kwenye vitundu vya hewa.
2. Siliweki chini. Nimepiga kichanja cha mbao, na nimeacha nafasi kati ya jiko na ukuta.
3. Nailoni hapana. Nafunika na kitambaa au naacha kwenye boksi lake, na ndani naweka vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya.
4. Kila wiki mbili nafungua nakagua. Dakika kumi tu. Kipindi cha masika nakagua kila wiki.
5. Maji siyamwagi ndani ya jiko hata siku moja, kuna feni na nyaya.

IKISHAINGIA
Kwanza toa betri au chomoa waya. Fanyia nje, funga pua na mdomo, maana vumbi la kutu si zuri kulivuta.

Kutu ya juujuu: sugua na msasa laini au brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha futa na kitambaa kikavu. Kama kipande kinachomoka, unaweza kukiloweka kwenye siki, ukisugue, ukisuuze, halafu ukikaushe palepale. Ukikiacha kibichi kutu inarudi siku hiyohiyo.

Angalizo: kama chemba ni ya stenlesi, usitumie brashi ya waya wa chuma cha kawaida. Inaacha chembe za chuma, na hizo chembe ndo zinaota kutu. Tumia sponji ya nailoni.

Ikikauka, kwa chuma cha kawaida pakaa mafuta ya kula kidogo sana, uyafute mpaka ionekane kama hujapaka. Kisha washa moto mdogo nje. Litatoa moshi kidogo mara ya kwanza, ni kawaida.

Rangi ya kawaida usipake ndani, inaungua na harufu inaingia kwenye chakula. Na bati likishatoboka, usidanganyane na mtu. Badilisha kipande, au lipeleke kwenye chuma chakavu. Langu la video lilienda huko.

UNAPOUZA
Yale mawili nilikwangua rangi yote, na manne yote nikayasafisha hivi nilivyoeleza. Nikapiga video ya ndani ya kila chemba, nikaandika wazi: "Lilipata kutu ya juujuu, limesafishwa, bei 50,000." Nilidhani hakuna atakayenunua. Yaliisha ndani ya wiki mbili, na hakuna lililorudi. Faida imekuwa 5,000 badala ya 15,000, lakini nalala usingizi.

Na siku hizi kila jiko linatoka na karatasi ndogo: "Mwaga majivu kila siku, weka pakavu." Malalamiko yamepungua sana.

Yule mama wa maandazi? Sikutegemea arudi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe anataka jiko, ila akasema: "Nitakuja kuliona ndani mwenyewe." Nikamwambia karibu sana mama, na tochi nitakuwekea.

Wewe stoo yako ina kitu gani cha chuma? Leo jioni kafungue ukague, halafu uje utuambie umekuta nini.