SAFARI YA MIGUU KWENDA KINAMASI CHA SAIWA



Somo la mwezi huu linataka miguu yako, chupa mbili nyeupe, na majirani wanne au watano unaopatana nao. Nendeni mkaone kinamasi cha Saiwa, kisha mrudi mkayatazame mashamba yenu.

Kinamasi hiki kiko Trans Nzoia, upande wa kaskazini ya Kitale, karibu na Kipsaina. Kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974. Ni hifadhi ndogo sana, nayo imezungukwa na mashamba ya watu kama wewe. Ndani yake hakuna kutembea kwa motokaa. Kila mtu huenda kwa miguu.

Ondokeni alfajiri, baada ya usiku wa mvua. Njiani mkiona mfereji unaotiririka kutoka shamba lililolimwa, jazeni chupa ya kwanza. Mkifika langoni lipeni kiingilio, mfuate njia, mpande mnara wa mbao na kukaa kimya. Katikati ya matete mtamwona nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, kwa hiyo hazami katika tope. Akitishwa hujificha majini, akabakiza pua tu. Kwenye miti mtamwona kima mwenye ndevu nyeupe, na majanini korongo mwenye taji, ambaye hujenga kiota chake penye maji.

Labda mmoja wenu atauliza, “Mnyama huyu anamfaa nini mtu mwenye eka tano?” Mwambieni hivi: nzohe akiishi mahali, maji yapo. Matete hupunguza mbio za maji ya mvua, udongo ukatua chini, na maji yakatoka polepole. Ndiyo sababu kijito kilicho chini ya kinamasi huweza kuendelea kutiririka Januari na Februari, wakati mvua haipo na ng’ombe wana kiu.

Mkirudi, jazeni chupa ya pili katika kijito hicho, nje ya mpaka wa hifadhi. Wekeni chupa zote mbili mezani hadi kesho yake, mlinganishe udongo uliotua chini. Lakini msinywe maji hayo bila kuyachemsha, hata yakiwa meupe.

Udongo ulio katika chupa ya kwanza ndio uliotiwa samadi na mbolea ya kununua. Ukizidi kuingia kinamasini, kinamasi hujaa na kukauka. Hapo nzohe hana pa kujificha, na wewe utapata mafuriko wakati wa mvua na mchanga mtupu wakati wa kiangazi.

Basi fanyeni haya:

1. Limeni kwa kukingama mteremko, wala msilime kwa kuufuata.

2. Pandeni mabingobingo juu ya matuta. Yatashika udongo, na ng’ombe watapata chakula.

3. Msilime mpaka ukingoni mwa mto. Acheni ukanda wa nyasi na miti ya kienyeji. Bwana Shamba atawaonyesha kipimo.

4. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi.

5. Msioshe bomba la dawa mtoni.

6. Wanywesheni ng’ombe kwenye birika, wasikanyage kinamasi.

Mkulima mmoja peke yake hawezi kukiokoa kinamasi, kwa sababu maji hayajui mpaka wa shamba. Kwa hiyo zichukueni chupa zile mpaka kwenye mkutano wa chama chenu cha ushirika, kila mtu azione, kisha mjadiliane maswali haya:

(a) Udongo ulio katika chupa ya kwanza umetoka katika shamba la nani?

(b) Ni wapi kijijini petu palipokuwa na maji zamani, na sasa pamekauka? Kwa nini?

(c) Kabla ya mvua zijazo, nani ataanza kupanda mabingobingo, na nani atampa mbegu?