Seli Dhaifu Katika Betri ya Transmita

Mtu arushaye ndege ya mfano kwa redio hutazama sindano ya mita iliyo usoni mwa transmita, na akiona volti zinatosha huiachia ndege ipae. Sindano hiyo husema kweli, lakini si kweli yote.

Transmita nyingi za zamani hutumia betri ya nikeli na kadimiamu, aina iliyobuniwa na Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899. Ndani yake mna seli 8 zilizoungwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa volti 1.2 hivi, jumla ni volti 9.6. Chukulia kwamba seli moja imekwisha kabisa. Saba zilizobaki hutoa volti 8.4, na sindano huonyesha betri iliyotumika kiasi tu. Kumbe saba hizo zinausukuma mkondo kupitia ile iliyokwisha na kuichaji kinyumenyume, hata ncha yake chanya ikawa hasi. Gesi hujaa, seli huvuja, volti huporomoka. Ndege iliyo angani, pengine juu ya vichwa vya watazamaji, haipati amri tena.

Kwa hiyo betri hupimwa ikiwa kazini. Kwanza ichajiwe kwa mkondo ulio moja ya kumi ya ujazo wake. Ikiwa imeandikwa miliampea-saa 600, mkondo uwe miliampea 60, kwa saa 14 hadi 16. Saa 10 hazitoshi, maana sehemu ya umeme hupotea katika joto na gesi. Kisha itolewe ndani ya transmita, kwa kuwa nyingi zina diodi kwenye tundu la kuchajia, nayo huzuia umeme kutoka. Iunganishwe na kikinza cha omu 40 kinachostahimili wati 5 (kitapata moto, kisiguswe). Kwa kanuni ya Ohm, 9.6 ÷ 40 = ampea 0.24. Betri nzima itadumu takribani saa 2 na nusu kabla ya kushuka hadi volti 8. Ikidumu saa 1 na nusu, imebakiwa na asilimia 60 tu ya ujazo wake, na haifai kurushia ndege. Mkondo ukiwa bado unapita, kila seli ipimwe peke yake kwa voltimita. Ile inayotangulia kushuka chini ya volti 1 ndiyo mkosaji, na hapo jaribio lisimamishwe.

Kubadilisha seli hiyo moja ni akiba ya uongo, kwani mpya na kuukuu hazilingani ujazo. Zibadilishwe zote 8. Zinunuliwe zenye vibati vya kulehemia, maana joto la chuma cha lehemu likigusa seli yenyewe huharibu kizibo chake. Waya hasi uchunguzwe pia: ukiwa mweusi ndani ya ganda lake, lehemu haitashika, na hauna budi kutupwa.

Seli za nikeli na haidraidi ya metali zina volti zile zile na hukaa mahali pale pale, ila chaja ya zamani ya miliampea 60 itahitaji saa 47 hivi kuijaza betri ya miliampea-saa 2000. Seli za lithiamu zisichajiwe kamwe kwa chaja hiyo. Zaweza kuwaka moto. Seli za kadimiamu zilizoondolewa zisichomwe wala kufukiwa shambani, kwani kadimiamu ni sumu, na mimea huifyonza kutoka udongoni.